Askari wa Kituruki katika nyumba ya Kamalondo

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni mama wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwa miaka mingi katika duka la mfanyabiashara mmoja Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes. Mwaka 1974, baada ya maduka ya wageni kuchukuliwa na kugawiwa wenyeji, tajiri yule alihamia Ulaya, na kabla ya kuondoka alimwachia baba picha moja iliyomo katika fremu ya mbao. Inaonyesha askari wanne wa Kituruki. Watatu wana bunduki, na wa nne, aliyesimama mbele kidogo, ana upanga uliopinda. Wote wamevaa kofia nyekundu zenye shada, makoti ya buluu na suruali nyeupe, na chini yao kuna maneno ya Kifaransa, "Infanterie turque". Tajiri alimwambia baba kwamba askari wa tatu kutoka kushoto ni babu yake mwenyewe. Mwanangu mmoja anasema ni fotokopi ya ukurasa wa kitabu, mwingine anashikilia kuwa imechorwa kwa mkono. Naomba mniambie ni kitu gani, ni cha lini, na kama kweli yule ni babu wa tajiri wa baba. Nimeileta ofisini kwenu ili muione kwa macho yenu.

JIBU: Mama, umefanya vema sana kuileta picha yenyewe badala ya kutuma taswira ya simu, maana swali lako la kwanza hujibiwa na karatasi kabla halijajibiwa na sura za watu. Tuliifungua kitenge ulichoifungia, tukaiweka mezani karibu na dirisha, tukaitoa katika fremu taratibu, kisha tukaitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda wa saa nzima. Tunaweza kukuambia bila kusita kwamba si fotokopi, si ukurasa wa kitabu cha miaka ya karibuni, na wala haikuchorwa kwa mkono kwa maana aliyoikusudia mwanao. Ni litografia, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe.

Sisi wa Katanga, tukisikia habari za uchapaji wa zamani, fikra zetu huikimbilia shaba, na si bure. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walichonga picha zao kwa ncha ya chuma kwenye bamba la shaba, wakajaza wino katika mifereji waliyoichonga, kisha wakaikandamiza karatasi juu yake kwa nguvu nyingi hata ukingo wa bamba ukaacha alama ya kubonyea kuizunguka picha nzima. Pitisha kidole kuizunguka picha yako, Mama, nawe utaona kwamba hakikwami popote. Karatasi ni laini kutoka pembeni hadi katikati, na hiyo ni dalili ya kwanza kwamba shaba haikuhusika hapa.

Njia ya jiwe iligunduliwa na Alois Senefelder, mtu wa Bavaria, katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyekuwa akitafuta namna ya kuchapa maandishi yake kwa gharama ndogo, na alichokigundua hakina fumbo lolote zaidi ya lile ambalo kila mpishi analijua, kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Mchoraji huchukua kipande kinene cha jiwe la chokaa, na yaliyosifika kuliko yote yalitoka machimbo ya Solnhofen huko huko Bavaria, likasuguliwa likawa tambarare, naye akachora juu yake kwa kalamu ya mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo ili mchoro ushike, hulowanishwa kwa maji, na mwishowe hupitishiwa rola yenye wino wa mafuta. Pale palipochorwa wino hushika, kwa sababu mafuta hupokea mafuta, na pale palipobaki wazi maji huukataa. Karatasi ikiwekwa juu na kukandamizwa, picha hutoka. Jiwe halichongwi hata kidogo, na kwa hiyo mstari wa mchoraji hubaki na ulaini wake wote kana kwamba ameuchora juu ya karatasi hiyo hiyo.

Ndiyo sababu tulikuomba uinamie kioo uangalie kivuli kilicho chini ya viatu vya askari wa kwanza. Uliona vichembe vyeusi visivyo na mpangilio, mfano wa masizi yaliyoachwa na sufuria kwenye ukuta wa udongo. Hivyo ni nyayo za kalamu ya mafuta ilipokuwa ikipita juu ya jiwe lenye mkwaruzo. Ingekuwa picha ya kitabu cha karne ya 20, pale pale ungeona nukta zilizojipanga safu kwa safu kama punje za muhindi. Kwa hiyo mwanao wa fotokopi ameshindwa, lakini yule wa picha ya mkono hakukosa kabisa, kwa sababu jiwe lilichapa mistari myeusi tu, na rangi zikaja baadaye kwa brashi. Tazama kofia ya askari wa pili, ambapo wekundu umeuvuka mstari upande wa sikio kwa upana wa unywele, na buluu ya koti imeingia kidogo katika mkono wake. Mashine haikosei namna hiyo. Ingawa Godefroy Engelmann wa Mulhouse alikuwa amekwisha kupata hataza, yaani haki ya mgunduzi, mwaka 1837 ya kuchapa rangi nyingi kwa mawe mengi, jiwe moja kwa kila rangi, kazi hiyo ilikuwa na gharama, na picha nyingi za bei nafuu ziliendelea kutiwa rangi kwa mkono katika karakana ambamo wanawake waliketi mezani, kila mmoja na rangi yake, karatasi zikipita kutoka mkono hadi mkono. Mmoja wao, ambaye jina lake halikuandikwa popote, ndiye aliyeteleza sikioni pale. Sisi twampenda kwa kuteleza huko, kwa kuwa ndiyo alama pekee aliyotuachia.

Kuhusu umri wake, jibu lilikuwa limefichwa na fremu yako. Ubao ulikuwa umeufunika ukingo wa chini, na tulipoitoa karatasi tulikuta mstari mmoja zaidi ambao huenda haujasomwa na mtu tangu siku za tajiri, "Guerre d'Orient, 1854". Hayo ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya Vita vya Mashariki, na ndivyo Wafaransa walivyoviita vita ambavyo leo tunaviita vya Krimea. Dola ya Osmani, yaani dola ya Waturuki, ilikuwa imeingia vitani na Urusi mwezi Oktoba 1853, na mwezi Machi 1854 Ufaransa na Uingereza zikaungana nayo. Watu wa Paris na London wakataka kuwajua wenzao hao wapya, wakati ambapo magazeti hayakuwa na uwezo wa kuchapa fotografia, hivyo wachapaji wa mawe wakapata kazi kubwa. Picha yako ilizaliwa katika shauku hiyo. Ilitengenezwa imwambie fundi viatu au mwenye duka wa Ufaransa kwamba huyu ndiye askari anayesimama bega kwa bega na mwanao.

Sasa tuje kwa askari wenyewe, na hapa ndipo picha yako inapotajirika. Miaka 30 tu kabla yake, hakuna ambaye angeweza kuchora askari wa sultani akiwa na koti la vifungo na suruali nyembamba. Nguvu ya dola hiyo ilikuwa mikononi mwa Wajanisari, kikosi cha kale kilichovaa kofia ndefu za kitambaa na majoho mapana, ambacho heshima yake yote ilikaa katika masufuria makubwa ya chakula cha pamoja, kiasi kwamba sufuria ikipinduliwa kambini, mji wote wa Istanbul ulijua kuwa wameasi. Sultani Selim wa Tatu alijaribu kuunda jeshi jipya pembeni yao tangu mwaka 1793, wakampindua mwaka 1807, na mwaka uliofuata akauawa. Binamu yake, Mahmud wa Pili, alijifunza kutokana na kifo hicho. Alisubiri karibu miaka 18, akajipatia wapiga mizinga watiifu, na tarehe 15 Juni 1826, masufuria yalipopinduliwa tena, akaamuru kambi yao ipigwe mizinga. Maelfu walikufa, na kikosi kilichodumu kwa karne nyingi kikafutwa kwa siku chache. Kufikia wakati wa picha yako, Wajanisari walikuwa wamekwisha kuwa masanamu ya maonyesho huko Istanbul, na mchoraji Jean Brindesi akawachora hivyo katika albamu iliyochapwa na karakana ya Lemercier huko Paris mwaka 1855.

Jeshi lililoshika nafasi yao liliitwa Asakir-i Mansure-i Muhammediye. Lisome neno la kwanza kwa sauti, Mama, nawe utasikia kitu unachokijua, kwa maana "asakir" ni wingi wa neno lile lile la Kiarabu lililotupatia sisi "askari". Jina lote maana yake ni askari washindi wa Muhammad. Sultani alijua kwamba anawavika watu wake mavazi yanayofanana na ya Wazungu, na jina hilo liliwekwa mbele kama ngao, ili asiyependa suruali ajue kwamba dini haikuguswa.

Kofia nayo ina habari yake. Kofia za majeshi ya Ulaya zilikuwa na ukingo wa mbele, na mwenye ukingo huo hawezi kugusisha paji la uso chini katika sijida bila kuivua. Tarbushi, yaani kofia hii nyekundu yenye shada, ambayo ilikuja kutoka Tunis na pande za Afrika ya Kaskazini, haina ukingo, ndiyo maana ilifaa. Jeshi liliipokea katika miaka ya mwanzo baada ya 1826, na mwaka 1829 ikawa vazi la maofisa wa serikali pia. Watu wengi wakiiona tarbushi huidhani ni vazi la Waturuki la tangu na tangu, na tunasisitiza jambo hili kwa sababu hata vitabu vya shule huliacha lipite. Vichwani mwa askari hawa wanne ilikuwa na umri mdogo kuliko umri wa ofisa anayewaongoza, na ilipofika mwaka 1925 Jamhuri ya Uturuki iliipiga marufuku kwa sheria.

Tunakuomba turudi kwa ofisa huyo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo lilitushika kuliko mengine yote. Upanga wake unaning'inia nyonga ya kulia. Mtu anayetumia mkono wa kulia huuvaa upanga kushoto, ili mkono uvuke tumbo na kuuchomoa, na ndivyo majeshi yalivyofundisha. Hakuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwani makoti ya wote wanne pia yamefungwa kinyume, upande wa kulia ukilala juu ya upande wa kushoto. Sababu ni jiwe. Kila kilichochorwa juu ya jiwe hutoka karatasini kikiwa kimegeuka, kama sura yako katika kioo, na mchoraji makini huchora kinyume tangu mwanzo. Huyu alikuwa na mchoro wa mtu mwingine mbele yake, pengine uliotumwa kutoka Istanbul au kutoka mstari wa vita, akaunakili kama ulivyo na kusahau kugeuza. Maneno ya chini yanasomeka sawasawa, jambo linaloonyesha kwamba maandishi yalipitia mkono mwingine uliozoea kuandika kinyume. Kwa maneno mengine, aliyechora juu ya jiwe hakuwahi kusimama mbele ya watu hawa.

Hapo, Mama, tunafika kwenye swali lako la mwisho, na tunalijibu kwa heshima ya baba yako na ya tajiri wake. Askari wa tatu hawezi kuwa babu yake. Kwanza, picha za aina hii hazikuonyesha watu fulani. Zilionyesha mavazi na vyeo, na ukizitazama sura za wale watatu wenye bunduki utaona kwamba ni sura moja iliyopewa masharubu matatu tofauti. Pili, Wayahudi wa Dola ya Osmani hawakuandikishwa kuwa askari wa kawaida wa jeshi hilo kwa karne yote ya 19. Walilipa kodi badala ya utumishi, na sheria ya kuwaandikisha wasio Waislamu ilikuja mwaka 1909.

Lakini tusiseme kwamba tajiri alidanganya. Rhodes ilikuwa chini ya masultani tangu 1522 hadi Waitalia walipoiteka mwaka 1912. Wayahudi wake, ambao wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, waliishi humo vizazi kwa vizazi wakisema Kihispania chao cha kale, na wengi wao ndio waliokuja kufanya biashara katika mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, wakajenga sinagogi ambalo bado lipo. Babu wa tajiri aliwaona askari kama hawa kila siku, langoni mwa ngome na bandarini. Waliobaki kisiwani walichukuliwa na Wanazi mwezi Julai 1944 na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na ni wachache mno waliorudi. Mtu ambaye nyumba ya wazee wake imefutwa hivyo, akiwa na picha moja tu ya dunia ile, anaweza kumtafuta babu yake ndani yake hata ampate. Alipompa baba yako picha hiyo, alimpa kitu kikubwa.

SWALI: Katika barua hiyo hiyo mjukuu wa mama huyo ameongeza maneno yake: Mimi ninasoma sekondari. Nyumbani kwa kambo, yaani bibi yangu huyu, kuna pia fotografia ya zamani ya masoda, yaani askari, wa Force Publique, nao wamevaa kofia nyekundu zile zile. Je, Waturuki walitawala Kongo?

JIBU: Hapana, kijana wetu, hawakutawala. Masoda wa Force Publique, jeshi ambalo Mfalme Leopold wa Pili aliliunda katika miaka ya 1880, waliongozwa na maofisa wa Kizungu, na wao wenyewe walikuwa watu wa hapa na wengine walioajiriwa Zanzibar na Afrika ya Magharibi. Tarbushi ilisafiri bila Waturuki. Misri, iliyokuwa mkoa wa dola yao, iliwavika askari wake kofia hiyo, na majeshi ya kikoloni yakaichukua moja baada ya jingine, kwa kuwa ilionekana kwa mbali, na ilimtenga Mwafrika na ofisa wake Mzungu kwa kumtazama tu kichwani. Sababu hiyo ya mwisho usiisahau unapoitazama fotografia ya kambo.

Na si kofia peke yake iliyosafiri. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Cairo kuajiri Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, akawaleta pwani ya Afrika ya Mashariki, nao wakaja na vyeo vyao vya Kituruki. Ndiyo maana katika jeshi la Wajerumani la upande ule koplo aliitwa ombasha, kutoka onbaşı, na sajenti akaitwa shaushi, kutoka çavuş. Vyeo hivyo vimepotea, lakini neno moja limebaki hai. Ukivuka kwenda Tanzania utasikia polisi akiitwa "afande". Hilo ni "efendi" ya Kituruki, na yumkini ndivyo wale watatu wenye bunduki walivyomwita ofisa wa upanga uliogeuka.

SWALI: Na mama anamalizia hivi: Picha ina madoa ya kahawia. Mkwe wangu anataka kuisafisha kwa maji ya sabuni na ndimu. Nimruhusu?

JIBU: Tafadhali, Mama, usimruhusu. Wino mweusi wa mafuta ungeweza kustahimili maji, lakini ile buluu na ule wekundu ni rangi za maji, na kitambaa kimoja chenye unyevu kingewavua askari wako sare walizovaa kwa miaka 170. Ndimu ni asidi, nayo huila karatasi polepole hata baada ya kukauka. Madoa hayo ya kahawia yametokana na unyevu na uchafu uliomo katika karatasi, na picha inaweza kuishi nayo.

Kinachoiumiza ni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni ule ubao mkavu ulioigusa moja kwa moja kwa nyuma. Tumeuondoa na kuweka kadibodi nyeupe isiyo na asidi, na seremala atakapotengeneza fremu upya mwambie aache nafasi ya vipande vyembamba vya kadibodi pembeni ili kioo kisiguse karatasi, maana wakati wa mvua kioo hutoa jasho. Asitumie utepe wa gundi mahali popote. Cha pili ni ukuta wenyewe. Umetuambia kwamba hutundikwa mkabala na mlango, na jua la mchana huifikia. Koti la askari aliye upande huo limekwisha kupauka kuliko ya wenzake, nasi tuliyalinganisha. Ihamishe kwenye ukuta wa ndani ambao jua haliufikii.

Fedha haitakuletea nyingi, kwa kuwa nakala za picha za namna hii zilichapwa kwa wingi, na ukingo wa yako umekatwa. Hata hivyo tunakuomba ufanye jambo moja kabla seremala hajaifunga. Chukua bahasha safi ya karatasi, uandike kwa penseli jina la marehemu baba yako, kazi aliyoifanya dukani, mwaka 1974, na maneno ya tajiri kuhusu askari wa tatu kama alivyoyasema, kisha ibandike bahasha hiyo nyuma ya fremu, upande wa mbao, si kwenye picha.

Picha ipo tayari hapa ofisini. Uje na kitenge chako.